Safari ya siku 7 Oman kwa wanaotoka Dar: ngome, jangwa, na Ijumaa inayopanga ratiba yote

Maswali ni yale yale kila msimu. Niende mwezi gani? Tukodi gari tuendeshe wenyewe? Jangwani tunalala kwenye nini? Kiarabu sikijui, nitafanyaje? Wengi wa Dar wanaijua Muscat ya kubadilishia ndege, au ya kwenda kumsalimia shangazi. Oman ya ndani, ya Nizwa, Bahla na mchanga wa Sharqiya, hawajaigusa, na wanapotaka kuigusa wanapeleka pesa kwa kampuni ya kwanza iliyojibu meseji.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha watu 2 hadi 8 wanaokwenda kwa mara ya kwanza, wakiwa na dereva mwongozaji wa huko. Kuendesha mwenyewe mijini kunawezekana, ila kumbuka Oman magari hupita kulia, na mchangani si mahali pa kujifunzia udereva.

Uwe na hivi kabla hujalipa chochote

- Pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele kuanzia siku ya kuingia.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache mpaka wiki ya safari. Kama ulichanja zamani usirudie: tangu 2016 cheti kinatambulika kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10.
- Dola safi, zisizochorwa wala kuchanika, na kadi ya benki iliyofunguliwa kutumika nje ya nchi. Pigia benki yako, usidhani tu.
- Orodha ya wasafiri, umri wao, nani hawezi kupanda ngazi, nani hajui kuogelea. Hii utaitumia hatua ya 4.
- Kalenda.

Adapta ya umeme acha. Soketi za Oman ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Novemba hadi Machi, basi. Kuanzia Mei mpaka Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40, na jangwani huwezi kutoka nje ya hema kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Mtu atakwambia "mimi nimezoea joto la Dar". Joto la Dar lina jasho na upepo wa bahari. Jua la jangwani hukausha jasho kabla hujaliona, na hapo ndipo mtu anapoishiwa maji mwilini huku akijiona mzima. Desemba na Januari usiku wa jangwani hushuka hadi kama nyuzi 13 au 15. Ni baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba, ila bila ukuta wa kukukinga.

Angalia pia Ramadhani. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia kwenye miezi hii hii ya baridi. Safari haisimami, lakini kula na kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi kwa yeyote, asiyefunga akiwemo, na ngome nyingi hupunguza saa za kufungua.

Hatua ya 2: Tafuta Ijumaa, kisha hesabu kurudi nyuma

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Mnada wa mifugo wa Nizwa, ambao peke yake unatosha kumtoa mtu Dar, ni Ijumaa asubuhi tu. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos jijini Muscat hupokea wageni wasio Waislamu saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, Ijumaa hapana. Ngome nyingi Ijumaa hufungua kwa saa pungufu. Ukiiweka Ijumaa yako Muscat umepoteza vyote viwili.

Kwa hiyo: Alhamisi usiku lazima ulale Nizwa. Kila kitu kingine kipangwe kuzunguka usiku huo. Ukifika Muscat Jumatano, hesabu inakaa sawa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar huchukua kama saa tano na nusu, na Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Ya kuunganisha inaweza kula siku nzima. Hapo toka Dar Jumanne.

Hatua ya 3: Viza

Huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa viza wa Polisi wa Kifalme wa Oman. Aina za viza na masharti hutegemea uraia na hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wao wenyewe kwa pasipoti ya Tanzania kabla ya kununua tiketi. Kikundi chenye pasipoti mchanganyiko kiangalie kila mtu peke yake. Makosa ya kawaida ni mawili: picha ya pasipoti iliyokatwa kona, na jina lisilofanana na la tiketi. Kama pasipoti ina majina matatu, tiketi nayo iwe na hayo matatu.

Hatua ya 4: Omba proforma (ankara ya awali), na uisome mstari kwa mstari

Usikubali bei ya jumla ya mdomo. Kabla ya kutoa kishika uchumba, taka maandishi yenye haya:

1. Gari aina gani na watu wangapi ndani yake. Land Cruiser moja inabeba abiria 4 na mizigo yao kwa raha. Wakisema 6, wa nyuma kabisa watakaa magoti kifuani kwa siku saba. Watu 5 hadi 8 ni magari mawili.
2. Mwongozaji ana leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii ya Oman? Omba nakala.
3. Lugha. Andika wazi: dereva anayezungumza Kiswahili. Waomani wengi wenye asili ya Unguja, Pemba na bara wanakizungumza nyumbani kwao, na baadhi yao ndio kazi yao hii. Kampuni haitakupa bila kuombwa. Watamweka wa Kiingereza kwa kuwa ndicho kinachoombwa na wageni wengine. Tofauti ni kubwa. Kwa Kiswahili mtu anakueleza ngome, kisha anakueleza na babu yake.
4. Viingilio vya ngome, maji ya kunywa, mafuta, chakula na malazi ya dereva: vimo au havimo?
5. Kambi ya jangwani: choo cha ndani au cha pamoja? Umeme saa ngapi? Umbali gani kutoka lami? Na gari la kuwaingiza kambini ni lile lile, au kuna malipo mengine mkifika Bidiyah, mji wa mwisho kabla ya mchanga? Hili la mwisho ndilo linalozua ugomvi kuliko yote.
6. Mvua ikifunga njia, nani analipia mabadiliko?

Angalia na tarakimu. Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na nafasi tatu baada ya nukta. "2.500" ni riali mbili na nusu, si elfu mbili na mia tano. Riali moja ni kama dola 2.60, kiwango ambacho kimefungwa kwenye dola kwa miaka mingi. Mtu aliyezoea noti za elfu kumi anaona "riali 20" anadhani ni pesa ndogo. Ni zaidi ya dola 50.

Hatua ya 5: Funga begi

Begi laini, si sanduku gumu, kwa sababu ya buti la gari. Ndani yake: raba moja, ndala au makubazi, soksi (mchanga wa alfajiri ni baridi kama sakafu ya friji), sweta, kofia, miwani, losheni ya jua, tochi ya kichwani, pawa benki, paketi chache za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini). Simu ifungwe kwenye mfuko mdogo ukiwa mchangani. Chembe zikiingia kwenye tundu la chaji, chaji haikai tena.

Beba kikoi, au viwili. Ni kilemba dhidi ya vumbi, taulo kwenye wadi (bonde la mto kati ya milima), shuka la ziada kambini, na pazia la dirisha la gari jua likiwa upande wako. Wanawake wabebe mtandio mzito na nguo ya mikono mirefu inayofika kifundoni. Msikitini kanga nyepesi inayoonyesha mwili itarudishwa mlangoni.

Dawa zenye kodeini au tramadoli usizibebe bila cheti cha daktari. Drone iache Dar, kuirusha kunahitaji kibali.

Hatua ya 6: Ratiba yenyewe

*Siku ya 1, Jumatano: Muscat.* Nunua laini ya simu uwanja wa ndege, badilisha dola kidogo tu hapo, zilizobaki mjini. Soko la Mutrah hufungwa mchana na kufunguka tena jioni, kwa hiyo liendee baada ya alasiri. Bei hupatanwa kama Kariakoo, kwa sauti ya chini zaidi. Ubani usinunue leo, utapita hapa tena siku ya 7.

*Siku ya 2, Alhamisi: msikitini, kisha Nizwa.* Fika Msikiti Mkuu saa 2 kamili, kabla mabasi ya meli za kitalii hayajafika. Ulifunguliwa 2001, na zulia la ukumbi mkuu lina ukubwa wa mita 70 kwa 60 na uzito wa tani 21. Ikifika saa 5 uwe barabarani. Nizwa ni kilomita 165 hivi za lami safi. Jioni tembea kando ya Falaj Daris, mojawapo ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hayasukumwi na pampu yoyote. Yanatoka chini ya ardhi na kuteremka kwa mwinamo tu hadi mashambani, na wakulima hugawana kwa zamu za muda. Lala mapema.

*Siku ya 3, Ijumaa: mnada.* Uwe uwanjani saa 12 na nusu asubuhi. Wanunuzi hupanga duara mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake ni njia. Wauzaji hupita humo wakikokota mbuzi kwa kamba huku wakitaja bei. Anayemtaka mnyama humsimamisha muuzaji, anafungua mdomo wa mbuzi kuhesabu meno, anabinya kiwele, anamwachia. Mbuzi anazunguka tena, bei imebadilika. Kosa la wageni ni kusimama kwenye ile njia wakipiga picha. Hapo utasukumwa na mtu au na pembe. Kaa nyuma ya duara la nje, au juu ya ukingo. Picha za watu omba kwanza, za wanawake usijaribu. Saa 3 shughuli inakuwa imepoa.

Kisha ngome ya Nizwa, iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Ngazi za mnara mkubwa zinapinda, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende inayochemka. Mwongozaji akupeleke na kwenye stoo ya tende, uone sakafu yenye mifereji: magunia yalipangwa juu yake, uzito wao ukakamua asali, ikatiririka hadi kwenye mtungi. Mchana nenda Bahla, kilomita 40, ngome ya udongo iliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1987, kisha kasri la Jabrin lililo karibu, lenye dari zilizochorwa. Ukilazimika kuchagua moja kwa uchovu, chagua Jabrin. Hakikisha saa za Ijumaa.

*Siku ya 4, Jumamosi: milimani.* Misfat al Abriyeen asubuhi, kijiji cha mawe chenye mfereji kupita katikati ya migomba. Utajiona uko nyumbani. Halafu Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, kama mita 3,000. Sehemu ya mwisho ya barabara ni changarawe. Kwenye genge la Wadi Ghul hakuna uzio kila mahali, watoto washikwe mikono.

*Siku ya 5, Jumapili: kuelekea mchangani.* Nizwa hadi Bidiyah ni kama saa mbili na nusu. Njiani simama Ibra au Al Mudayrib, uone majumba ya wafanyabiashara wa karne ya 19 yaliyosimamishwa kwa mali ya Afrika Mashariki. Majina ya koo za huku, Al-Harthy na Al-Barwani, unayasikia hadi Lindi na Tabora.

Bidiyah dereva atasimama kupunguza upepo wa tairi, kutoka psi 35 hivi hadi 15 au 18. Usimharakishe. Tairi laini hutandazika na kuelea juu ya mchanga. Tairi gumu huchimba kaburi lake. Fika kambini saa 10 jioni, kwa sababu majira ya baridi jua huzama kabla ya saa 12. Kula kidogo mchana: kupanda na kushuka vilima vya mchanga kwa gari kunatapisha kuliko boti ya Unguja kipindi cha kusi. Mwenye kichefuchefu akae mbele, na mna haki ya kumwambia dereva apunguze. Alfajiri panda kilima kwa miguu ukifuata ukingo wake, pale mchanga ulipogandamana. Ukipanda usoni unarudi nusu ya kila hatua.

*Siku ya 6, Jumatatu: Wadi Bani Khalid, kisha Sur.* Madimbwi ya maji ya kijani kati ya mawe. Ogelea na fulana na kaptula inayovuka goti, wanaume pia. Mawe yana utelezi, ndala hazifai. Sur ndiko majahazi yalikoundwa kwa ajili ya safari za kuja kwetu na kaskazi. Karakana bado ipo. Usiku kuna kasa ufukweni Ras al Jinz, kwa vikundi vya hifadhi tu na kwa kubuku mapema. Msimu mkubwa ni Juni hadi Septemba, kwa hiyo Desemba unaweza kurudi bila kumwona. Tochi na mwanga wa kamera haviruhusiwi.

*Siku ya 7, Jumanne: pwani hadi Muscat.* Qalhat kwanza, magofu ya mji wa kale wa bandari. Msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alifika na hapa, na Wareno walioipiga Kilwa 1505 waliipiga Qalhat 1508. Kilichobaki wima ni kaburi la Bibi Maryam. Wadi Shab ni mwendo wa kama dakika 45 kwa miguu kisha kuogelea. Asiyejua kuogelea aishie kwenye mtende wa mwisho, bila aibu. Shimo la Bimmah, bwawa la asili ndani ya ardhi iliyotitia, linatosha nusu saa. Ndege ya usiku huo huo usibuku inayoondoka kabla ya saa 4 usiku.

Makosa yanayorudiwa

*Saa.* Dereva wa Kiswahili akisema "saa mbili" anaweza kumaanisha saa mbili yetu, yaani 08:00, au 2:00 mchana ya saa ya mkononi. Kila miadi iandikwe kwenye meseji kwa mfumo wa 08:00.

*Maji.* Lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku, kiu iwepo isiwepo.

*Mabishano.* Akijua unatoka Tanzania mwenyeji atakuitikia "marahaba" na kukuletea kahawa, tende na pengine mandazi. Habari za 1964 na za utumwa zimo kwenye familia za watu. Yeye akizianza, sikiliza. Wewe usizianzishe kwenye kikombe cha kwanza.

*Zawadi.* Halwa iende kwenye mzigo wa chini, ukaguzi wa begi la mkononi huihesabu kama majimaji mazito. Jambia nalo chini.

Likitokea tatizo

*Gari limezama mchangani.* Kila mtu ashuke. Dereva asikanyage mafuta, kila mzunguko wa tairi unachimba zaidi. Chimbueni mchanga mbele ya tairi zote nne, punguzeni upepo kidogo tena, kisha msukume kutoka pembeni. Anayesimama nyuma ya tairi atakula mchanga, na gari likirudi nyuma litamkuta. Magari mawili yakiwa pamoja, kamba inamaliza kazi kwa dakika kumi.

*Mvua imenyesha milimani.* Wadi inaweza kujaa ghafla huku juu yako jua linawaka. Maji yakipita juu ya barabara gari lisivuke, hata yakionekana ya kifundo cha mguu. Badilisha mpango wa siku ya 6 na ya 7, au lala ulipo.

*Mtu anaumwa kichwa, ngozi kavu, haendi haja ndogo.* Kivuli, kikoi kilicholowa shingoni, ORS kwa midomo midogo midogo. Akianza kuchanganyikiwa, hospitali, usisubiri jioni.

*Simu haina mtandao kambini.* Kawaida. Waambie wa nyumbani mapema kuwa Jumapili usiku hutapatikana, la sivyo Jumatatu utakuta ukoo mzima umeshaitisha kikao.

*Pasipoti imepotea.* Polisi kwanza kupata taarifa ya maandishi, kisha ubalozi wa Tanzania, ambao uko Muscat. Nakala ya pasipoti kwenye barua pepe yako inafupisha kazi hiyo sana. Namba ya dharura Oman ni 9999.

*Kampuni imeleta gari tofauti na la proforma.* Sema hapo hapo uwanja wa ndege, kabla mizigo haijapakiwa, na tuma picha ya gari kwa meseji pamoja na picha ya mstari wa proforma. Mkishafika Nizwa mmelikubali.